Kutafuta ukoo, uhamiaji na utumishi wa jeshini: wazee, hifadhi za nyaraka, intaneti au DNA?

Anayetaka kujua babu yake alitoka wapi, alisafiri kwa meli gani na alipigana chini ya bendera ipi, ana njia nne kubwa. Anaweza kuwauliza wazee na kufungua masanduku ya nyumbani. Anaweza kwenda kwenye hifadhi za nyaraka, au kuziandikia. Anaweza kupekua kanzidata za intaneti. Na anaweza kutoa mate yake yapimwe DNA. Kila njia ina watu wanaoisifia kana kwamba nyingine hazina kazi, na kelele hizo ndizo zinazowafanya wengi wakwame kabla hawajaanza.

Kinachomkwamisha anayeanza, kwa maoni yangu, ni kuchagua njia kabla hajalitaja swali lake. "Nataka kujua ukoo wangu" bado si swali. "Baba yake bibi aliingia nchi hii mwaka gani, akitokea kijiji gani?" ni swali. "Babu alikuwa kikosi gani mwaka 1917?" ni swali jingine kabisa, na jibu lake haliko mahali palepale.

Vigezo

Nitazipima njia zote nne kwa vigezo sita vilevile. Vitatu vinahusu swali: njia hii inajibu nini kuhusu nasaba, kuhusu uhamiaji, na kuhusu jeshi? Vitatu vinakuhusu wewe na jamaa zako: majibu yake yanaaminika kiasi gani, yanadai fedha na muda gani, na yanagusa siri za nani?

Nasaba: nani alimzaa nani

Wazee wanajua mambo ambayo hakuna karani aliyewahi kuyaandika: jina la utani lililolimeza jina halisi, ndoa ya kwanza isiyotajwa, mtoto aliyelelewa na shangazi hadi akahesabiwa wa nyumba ile, ndugu wawili waliogombana na mmoja akabadili jina. Kumbukumbu zao kwa kawaida hufika vizazi vitatu au vinne nyuma, kisha majina hubaki bila tarehe. Masanduku ya nyumbani husaidia hapo. Tafuta vyeti, barua, na kitabu cha dini chenye majina ya waliozaliwa kwenye kurasa za mwanzo. Picha zigeuze zote, kwa kuwa jina la studio na la mji mara nyingi viko mgongoni.

Hifadhi za nyaraka huenda mbali zaidi. Humo mna madaftari ya ubatizo na ndoa, wosia, mashauri ya mirathi na sensa. Sensa zina kipindi cha kufungwa: Marekani husubiri miaka 72, ndiyo maana ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022, Uingereza husubiri miaka 100, na ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Lakini karatasi huungua. Moto wa 1921 uliharibu sensa ya Marekani ya 1890 karibu yote isipatikane tena, na mwaka mmoja baadaye hifadhi ya taifa ya Ayalandi mjini Dublin iliteketea wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ikaenda na kumbukumbu za karne nyingi.

Intaneti, kwa sehemu kubwa, ni nyaraka hizohizo zilizopigwa picha. FamilySearch, inayoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ni ya bure, na mwaka 2021 ilimaliza kuingiza katika mfumo wa kidijitali mikrofilamu zake (mikanda yenye picha ndogo za nyaraka) milioni 2.4. Wengi hawajui kwamba sehemu ya picha hizo haina faharasa ya majina. Ukiandika jina na jibu likawa tupu, haina maana kwamba mtu wako hayumo. Huenda yumo katika daftari ambalo inabidi ulifungue ukurasa kwa ukurasa. Kwa upande mwingine, miti ya ukoo iliyopandishwa na watumiaji wengine ni fununu tu mpaka uione karatasi iliyotumika.

DNA haina majina wala tarehe, ila inajua damu. Watoto wa ndugu wawili hushiriki takriban asilimia 12.5 ya DNA, wajukuu wa ndugu wawili kama asilimia 3. Ukifika kwa vitukuu vya ndugu wawili, takriban jozi moja kati ya kumi haitaonyesha ulinganifu wowote, ingawa ni ndugu kweli. Kipimo cha kromosomu Y, ambayo mwana huirithi kwa baba, hufuata mstari wa baba kwa baba, cha mitokondria, ambazo hurithiwa kwa mama, hufuata mama kwa mama, na kile cha kawaida huchanganya pande zote. Kwa aliyeasiliwa, au ambaye baba yake hakuandikwa popote, hii inaweza kuwa njia pekee iliyobaki.

Uhamiaji: aliondoka wapi, alifika lini

Hapa nyaraka zina utajiri usiotarajiwa. Chukua Ellis Island, kituo cha New York kilichofanya kazi kuanzia 1892 hadi 1954 na kupitisha watu zaidi ya milioni 12. Orodha za abiria za mwanzo zilikuwa na maswali machache, lakini kuanzia 1907 ziliuliza jina na anwani ya jamaa wa karibu aliyebaki kule msafiri alikotoka. Safu hiyo moja inaweza kukupa jina la baba wa babu yako pamoja na kijiji chake. Orodha hizo mara nyingi huchukua kurasa mbili kwa abiria mmoja, kushoto na kulia, na wengi huchapisha wa kwanza na kuuacha wa pili wenye taarifa nusu.

Hadithi moja inarudiwa katika familia nyingi, kwamba ofisa wa Ellis Island alimbadilishia babu jina kwa sababu alishindwa kulitamka. Maofisa wale walisoma kutoka kwenye orodha iliyoandaliwa na kampuni ya meli tangu safari ilipoanza. Majina yalibadilika kweli, lakini kwa kawaida ni wahamiaji wenyewe walioyabadili polepole baadaye, kazini, shuleni au walipoomba uraia. Kwa hiyo kwenye orodha ya meli tafuta jina la kule alikotoka, na kwenye faili la uraia utafute yote mawili.

Faili za uraia za Marekani zina mpaka unaofaa kukumbukwa: tarehe 27 Septemba 1906. Kabla ya hapo mahakama nyingi za ngazi mbalimbali ziliweza kutoa uraia, kila moja kwa fomu zake, na taarifa mara nyingi ni finyu. Baada ya hapo fomu zikawa za aina moja na nakala ikapelekwa serikali kuu. Na kama unamtafuta bibi, ujue kwamba kabla ya 1922 mke wa kigeni kwa kawaida alipata uraia kupitia mumewe, hivyo huenda hana faili lake mwenyewe. Kwa safari za Uingereza, hifadhi ya taifa huko Kew ina orodha za walioingia kuanzia 1878 na walioondoka kuanzia 1890, zote hadi 1960, ila ni za safari za mbali. Aliyevuka tu kwenda bara la Ulaya usimtarajie humo.

Wazee hawatakupa tarehe ya meli, lakini watakuambia kwa nini aliondoka, nani alitangulia na nani alimtumia nauli. Mambo hayo ni ya thamani kwa sababu watu walihama kwa minyororo: kijiji kimoja, mtaa mmoja, wakati mwingine kazi moja. Tahadhari ni kwamba mzee akitaja mji mkubwa, huenda anataja mji uliokuwa karibu na kijiji chenyewe, au bandari tu aliyoondokea.

Katika uhamiaji intaneti ndiyo yenye nguvu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu orodha nyingi za abiria zimeshanukuliwa na kutiwa faharasa. Udhaifu wake ni mwandiko. Mnukuzi aliyesoma L kama S amekuficha babu yako. Jaribu kumtafuta kwa umri, kijiji na mwaka huku sehemu ya jina ukiiacha wazi, kisha usome majina yote yanayotokea. Sensa za Marekani za 1900 hadi 1930 pia ziliuliza mwaka wa kuingia nchini, na herufi "Na" huonyesha aliyekwisha kupata uraia, "Pa" aliyewasilisha maombi ya kwanza, "Al" aliyekuwa bado mgeni. Kwa waliotawanywa na Vita Vikuu vya Pili, Arolsen Archives ya Ujerumani ina kumbukumbu kuhusu watu takriban milioni 17.5, wakiwemo waathirika wa utawala wa Nazi na waliobaki makambini bila makwao, nayo hujibu maombi ya jamaa bila malipo.

DNA katika suala hili inaahidi zaidi ya inachotoa. Ramani yenye asilimia za maeneo haisemi nani alihama wala lini, na asilimia zenyewe hubadilika kila kampuni inapoongeza sampuli za kulinganishia. Faida yake halisi ni kupata jamaa aliye hai kule mlikotoka, kama naye amepima.

Utumishi wa jeshini

Anza na vitu, hata kabla ya maneno. Watu wengi waliotoka vitani hawakusimulia, na mjukuu akiuliza leo anapata sentensi moja. Lakini nishani inasema. Nishani za Uingereza za Vita Vikuu vya Kwanza zilizotolewa kwa walioshiriki huwa na namba, cheo, jina na kikosi vilivyogongwa ukingoni, au mgongoni kwa zile zenye umbo la nyota. Beji ya kofia kwenye picha hutambulisha rejimenti. Cheti cha kuachiliwa jeshini na kitabu cha mshahara vina namba ya askari, na namba hiyo ndiyo itakayomtofautisha na wenzake wenye jina kama lake.

Katika hifadhi za nyaraka, unachokitafuta ni faili binafsi la askari: alikoandikishwa, umri, urefu, jamaa wa karibu, majeraha, adhabu, tarehe ya kuachiliwa. Hapo ndipo hasara ni kubwa kuliko kwingine kote. Mwaka 1940 bomu la Ujerumani liliunguza ghala la London lenye faili za askari wa Uingereza wa vita vya 1914 hadi 1918, na zaidi ya nusu zikapotea. Aprili 1945 mabomu yaliyopigwa Potsdam, Ujerumani, yaliangamiza sehemu kubwa ya kumbukumbu za jeshi la Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya zamani. Tarehe 12 Julai 1973 moto katika kituo cha kumbukumbu cha St. Louis, Marekani, ulichoma faili kati ya milioni 16 na 18, zikiwemo takriban asilimia 80 za askari wa nchi kavu walioachiliwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Hazikuwa na nakala.

Ukijibiwa kwamba faili limeungua, usifunge daftari. Uliza kilichohifadhiwa mahali pengine: kadi za nishani, orodha za malipo, maombi ya pensheni, kumbukumbu za hospitali, na shajara za kikosi zinazoeleza siku kwa siku kikosi kilikuwa wapi. Shajara hazitamtaja askari wa kawaida kwa jina mara nyingi, lakini ukishajua kikosi chake unajua alilala wapi usiku fulani wa mwaka 1916, na hilo si jambo dogo. Faili za Marekani zilizosalia huwa wazi kwa yeyote baada ya miaka 62 tangu askari aachiliwe. Kabla ya hapo hutolewa kwa mwenyewe, au kwa jamaa wa karibu ikiwa amefariki.

Intaneti hapa inategemea nchi. Australia na Kanada zimeweka wazi bure faili za askari wao wa Vita Vikuu vya Kwanza, picha kwa picha. Ufaransa imefanya hivyo kwa kadi za waliokufa kwa ajili yake, wakiwemo askari kutoka makoloni. Shirika la Msalaba Mwekundu la kimataifa liliweka wazi mwaka 2014 kadi za wafungwa wa vita ile. Kuwa makini tu na kadi za kuandikishwa za Marekani: wanaume takriban milioni 24 walijiandikisha mwaka 1917 na 1918, na wengi wao hawakuvaa sare hata siku moja. Kadi hiyo inathibitisha kwamba alijiandikisha, na mara nyingi inataja alikozaliwa, jambo ambalo kwa mtafiti wa uhamiaji ni dhahabu. Haithibitishi kwamba alitumikia.

Wengine hawamo kwenye orodha yoyote, na si kwa sababu ya moto. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina kanzidata ya bure ya watu takriban milioni 1.7. Lakini ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na kamati iliyoundwa na tume hiyo ilikiri kwamba waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika wa Afrika Mashariki na Wamisri, hasa wapagazi na vibarua waliobeba jeshi zima mabegani. Ikiwa mtu wako alikuwa mmoja wao, ukimya wa kanzidata usiuchukue kuwa ushahidi dhidi ya simulizi ya familia. Simulizi hiyo inaweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee iliyopo, nayo inastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule ambao karani alipaswa kuutumia.

DNA haisemi lolote kuhusu utumishi. Lakini majeshi, likiwemo la Marekani, hutumia sampuli za jamaa kutambua mabaki ya askari waliopotea. Kwa familia iliyokaa miongo mingi bila kaburi, sampuli hiyo ina uzito kuliko mti wowote wa ukoo.

Kuaminika

Hakuna njia inayosema kweli tupu. Mzee huhifadhi vizuri uhusiano na sababu, na hupoteza tarehe. Umwulize tukio, si mwaka: alizaliwa kabla au baada ya njaa ile, kaka yake alikuwa ameshaoa? Nyaraka hukosea kule mtoa taarifa asikokuwa shahidi. Cheti cha kifo ni hodari kwa tarehe ya kifo na dhaifu kwa tarehe ya kuzaliwa, kwa kuwa aliyeitoa ni mtoto au jirani. Vijana waliongeza umri ili wapokewe jeshini. Intaneti huongeza makosa ya unukuzi juu ya hayo, na tiba yake ni kufungua picha ya karatasi yenyewe. DNA ni imara kwa undugu wa karibu, na hulegea kadiri undugu unavyokwenda mbali.

Gharama na muda

Wazee hawadai ada, lakini hawasubiri. Hifadhi hudai nauli au ada za nakala, na majibu ya barua yanaweza kuchukua miezi. Kanzidata za kulipia kama Ancestry na Findmypast huendeshwa kwa usajili. Kabla ya kulipa, uliza maktaba iliyo karibu nawe, kwani baadhi hutoa huduma hizo bure ndani ya jengo. DNA hulipiwa mara moja na majibu huja baada ya wiki kadhaa, ila kazi ya kuwapanga ndugu mliolingana huanzia hapo. Kumlipa mtafiti aliye karibu na hifadhi ya mbali mara nyingi ni nafuu kuliko nauli, mradi umwagize faili mahususi.

Siri za watu

Kipimo cha DNA unakifanya peke yako lakini kinawahusu ndugu zako wote. Kinaweza kufichua kwamba baba si yule aliyedhaniwa, na ukishajua huwezi kurudi nyuma. Kampuni ya kupima DNA, 23andMe, ilidukuliwa mwaka 2023, taarifa za watu takriban milioni 6.9 zikafikiwa, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa kufilisika. Fikiria data yako itabaki kwa nani kampuni ikiuzwa. Nchini Ufaransa sheria inakataza kujipima nasaba kwa hiari yako mwenyewe. Kwa mti wa intaneti, walio hai wafiche. Kwenye hifadhi, faili la jeshi linaweza kuwa na ugonjwa au adhabu ambayo mwenyewe aliificha maisha yake yote. Na mzee akisema hapa tuishie, heshimu. Anaweza kurudi mwenyewe siku nyingine.

Uanzie wapi

Kama kuna mzee hai anayekumbuka, anza naye wiki hii, hata kama swali lako ni la meli au la jeshi. Mrekodi kwa ridhaa yake, ukiwa na picha mezani.

Kama unajua jina kamili, mwaka wa kukisia na nchi aliyofikia, anza na intaneti, za bure kwanza. Utajua mapema kama kuna cha kulipia.

Kama unajua kikosi au namba ya askari, nenda moja kwa moja hifadhi ya nchi ambayo jeshi lake alilitumikia, si nchi aliyozaliwa. Aliyehama kisha akaandikishwa yuko kwenye faili za nchi mpya.

Kama hujui mzazi au babu wa upande mmoja na hakuna karatasi, DNA inakufaa, na ndugu mzee zaidi aliyekubali ndiye apimwe kwanza, kwa kuwa yuko kizazi kimoja au viwili karibu zaidi na unayemtafuta.

Kama nyaraka za eneo lenu ziliungua au hazikuwahi kuandikwa, fuata jamaa wa pembeni: kaka yake, shemeji, jirani aliyesafiri naye meli moja. Mara nyingi jina la kijiji limeandikwa kwenye faili la yule mwingine.

Kama unahitaji ushahidi wa kuomba uraia wa nchi ya babu, mti wa intaneti na DNA kwa kawaida havitakubaliwa. Omba vyeti vilivyothibitishwa kutoka ofisi zinazohusika, kizazi kwa kizazi, ukianza na cha kwako, na ulinganishe tahajia ya kila jina kabla hujawasilisha.